Mwalimu wa Kujitolea, Kabla Hujavuka Namanga

Shida ya Mtanzania anayekuja Nairobi kufundisha kwa kujitolea ni kwamba hajioni kama anakwenda ugenini. Lugha anaijua, ugali anaujua, na basi la kutoka Arusha linamfikisha siku hiyohiyo. Mzungu anayekuja kwa kazi hiyohiyo huandaliwa na shirika lake kwa semina na vijitabu. Wewe unapewa namba ya mwalimu mkuu na kuambiwa karibu. Kwa hiyo maandalizi utayafanya mwenyewe, na mengi yafanye ukiwa bado nyumbani.

Anza na karatasi. Pasipoti ya Tanzania inakuingiza Kenya bila viza, na ile idhini ya kusafiri ya mtandaoni iliyoanza Januari 2024 haiwahusu raia wa Afrika Mashariki. Lakini muhuri wa mgeni haukuruhusu kusimama mbele ya darasa. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011 haiangalii kama unalipwa au hulipwi: kazi ya kujitolea nayo inataka kibali, au pasi maalumu ikiwa ni ya muda mfupi. Zaidi ya hapo, mwalimu anatakiwa awe amesajiliwa na Tume ya Huduma kwa Walimu ya huku, TSC. Shule makini itakuwa imeanza kuyashughulikia haya kabla hujakata tiketi. Ukimuuliza mwenyeji wako habari ya kibali akakujibu "tutaona ukishafika", mimi ningeahirisha safari. Njoo na vyeti halisi pamoja na nakala zake, na usisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana hiyo maofisa wa kwetu wenyewe mpakani wanaweza kukudai siku ya kurudi.

Tazama pia kalenda. Sisi tumezoea mihula miwili na likizo ya Juni. Kenya ina mihula mitatu, na mwezi wa Juni shule ziko katikati ya muhula wa pili. Aliyepanga kutumia likizo yake ya Juni kuja kusaidia atawakuta watoto darasani, na hiyo ni bahati yake. Anayekuja Novemba akidhani bado kuna masomo atakuta milango inafungwa, maana muhula wa tatu unaishia karibu na hapo kwa mitihani. Usije bila kuuliza shule yenyewe tarehe za mwaka huo.

Sasa viboko, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mtu mwema anapoweza kujiharibia kabisa. Tanzania bado tuna kanuni zinazoruhusu adhabu hiyo kwa masharti, na wengi wetu tumesoma na kufundisha fimbo ikiwa mezani. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaongeza makali: anayemtesa mwanafunzi anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Usidanganyike ukiona mwalimu wa hukuhuku ameshika fimbo. Wapo. Na wapo wazazi watakaokuja wenyewe kukuomba umchape mtoto wao. Mwenyeji ana jamaa na chama cha walimu cha kumsemea. Wewe una pasi ya miezi michache. Kaa na mwalimu mkuu siku ya kwanza, muulize darasa la watoto hamsini linatulizwaje hapo shuleni, na umwone mwalimu mmoja akifundisha kabla hujaanza. Kama maisha yako yote ya kazi umetegemea fimbo, wiki ya kwanza itakuchosha sana.

Lugha ya darasani nayo ina mtego. Shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Huku, kuanzia gredi ya nne masomo yote isipokuwa Kiswahili yanafundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu wa hisabati aliyezoea kusema "sehemu" na "kizidishi" ajiandae upya. Anayefundisha Kiswahili atapokelewa kwa mikono miwili, mradi asiwacheke watoto kwa Sheng yao, lugha ya mtaani ya Nairobi. Omba mapema vitabu vya mtaala wa umilisi, ule ulioingia mahali pa mfumo wa zamani wa 8-4-4, uone mada zimepangwaje na ngeli zinaitwaje. Na shikamoo yako itapita hewani mara nyingi. Usione umedharauliwa.

Baridi watu hawaiamini mpaka iwapate. Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti asubuhi unatoka na sweta, jua lisionekane mchana kutwa. Mtu wa Tanga au Unguja abebe blanketi zito; wa Mbeya hana la kuambiwa. Faida yake ni kwamba mbu wa malaria ni wachache.

Upande wa fedha, shilingi moja ya Kenya imekuwa ikicheza karibu na ishirini za kwetu, na hapo akili hudanganyika: mia mbili inaonekana si kitu, kumbe umeshatoa elfu nne. Sajili laini ya simu kwa pasipoti siku ya kwanza, kwa sababu makanga (konda wa huku), mama mboga na mwenye nyumba wote wanalipwa kwa M-Pesa. Jifunze soo ni mia, finje hamsini, mbao ishirini. Nauli ndiyo itakayokula posho yako. Daladala zetu bei inapangwa na LATRA. Matatu ya Nairobi inapanda asubuhi, inapanda jioni, na mvua ikinyesha inapanda tena. Kwa hiyo tafuta chumba unachoweza kutembea kutoka hapo hadi shuleni, hata kama ni kidogo. Kabla ya kulipa diposti, uliza maji yanakuja siku gani za wiki, tangi la ploti, yaani la nyumba nzima ya wapangaji, ni kubwa kiasi gani, na kama mita ya umeme ni yako peke yako. Tokeni ndiyo LUKU ya huku. Nunua mitungi miwili ya lita 20 ya kuwekea maji kabla hujanunua kiti.

Mjini, simu usiitoe ukiwa umekaa dirishani mwa matatu, hasa foleni ikisimama. Tembea na nakala ya pasipoti na ya kibali. Halafu ziandike kwenye daftari tarehe 25 Juni na 7 Julai: tangu maandamano ya vijana ya 2024, siku hizo barabara za katikati ya jiji zinaweza kufungwa na matatu zikagoma kuingia. Muulize mwalimu mkuu siku mbili kabla kama kutakuwa na masomo, na uwe umeshanunua unga na tokeni.