Namna ya Kuitembelea Reims, Mji wa Kanisa Kuu na Shampeni

Reims iko kaskazini mashariki mwa Ufaransa, na treni ya mwendokasi kutoka kituo cha Gare de l'Est jijini Paris huifikia kwa takriban dakika 45, ndiyo maana wageni wengi huenda asubuhi na kurudi jioni. Siku moja inatosha, mradi ipangwe kwa kulifuata jua, kwa kuwa Kanisa Kuu la Notre-Dame hupendeza zaidi ndani wakati wa asubuhi na nje wakati wa alasiri.

Unapokata tiketi, hakikisha umechagua kituo cha katikati ya mji. Kipo kituo kingine kiitwacho Champagne-Ardenne TGV, nje ya mji, ambako husimama baadhi ya treni, zikiwemo zile zinazotoka moja kwa moja kwenye uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle. Ukishukia huko, panda tramu iendayo mjini. Kutoka kituo cha katikati hadi kanisani ni mwendo mfupi wa miguu.

Kuingia kanisani ni bure, isipokuwa ukitaka kupanda mnarani. Ujenzi wake ulianza mwaka 1211, baada ya moto kuliteketeza kanisa lililotangulia, na heshima yake inatokana na jambo la zamani zaidi: mwishoni mwa karne ya 5, katika mji huu, Askofu Remi alimbatiza Clovis, mfalme wa Wafranki, na kwa sababu hiyo wafalme wa Ufaransa walikuja kutawazwa hapa kizazi baada ya kizazi, hadi Charles X mwaka 1825. Nenda kwanza hadi mwisho kabisa, nyuma ya altare kuu, ambako jua la asubuhi hupenya katika vioo vya buluu vya Marc Chagall vilivyowekwa mwaka 1974. Kando yake kuna vioo vya Imi Knoebel, msanii Mjerumani, vilivyozinduliwa mwaka 2011, vyenye vipande vyekundu, vya njano na vya buluu vilivyochongoka. Wako wanaovipita haraka kwa kuwa havina picha ya mtu wala malaika, lakini ni vyema kusimama hapo kidogo na kukumbuka kwamba mizinga ya Wajerumani ndiyo iliyolichoma kanisa hili mwezi Septemba 1914.

Ukiwa unatoka, geuka uutazame ukuta wa ndani wa upande wa milango, uliojaa sanamu zilizosimama kila moja katika kishubaka chake. Katika safu ya chini yumo askari aliyevaa deraya ya minyororo, akimwelekea kuhani anayemnyoshea mkate. Unaweza kuzihesabu pete za deraya hiyo moja moja.

Mahandaki ya shampeni, mvinyo wenye mapovu, yako upande wa kusini mashariki mwa mji, na mengi hayakubali mgeni ambaye hajaweka nafasi mapema. Ruinart, iliyoanzishwa mwaka 1729, ndiyo kampuni kongwe kuliko zote za shampeni. Taittinger, Pommery na Veuve Clicquot nazo ziko jirani. Chagua moja tu, kwa sababu maelezo hufanana. Chukua sweta hata kama ni Agosti, maana chini huko joto ni nyuzi 10 hadi 12 hivi mwaka mzima. Mashimo hayo ya mawe ya chaki yalichimbwa zamani kwa ajili ya ujenzi, na ubaridi wake usiobadilika ndio unaoufaa mvinyo. Mvinyo huchacha mara ya pili ndani ya chupa yenyewe, na hewa inayozaliwa humo hukosa pa kutokea; kisha chupa hulazwa pamoja na mashapo ya chachu, na sheria inataka shampeni ya kawaida ikae walau miezi 15 kabla ya kuuzwa. Muulize mwongozaji akuonyeshe chupa zilizoinamishwa shingo chini: ukiimulika moja kwa taa, utayaona mashapo yamejikusanya karibu na kizibo. Asiyekunywa pombe hana sababu ya kujinyima ziara hii, kwani anaweza kutembea mahandakini na kuacha glasi mwishoni bila kumkosea mtu adabu.

Karibu na hapo kuna Basilika ya Saint-Remi, yenye kaburi la Askofu Remi, nayo huwa na utulivu ambao kanisa kuu limeupoteza kwa wingi wa watalii. Msomaji wa Kiafrika asiikose pia bustani ya Parc de Champagne, penye mnara wa kuwaenzi wanajeshi Waafrika walioulinda mji huu mwaka 1918. Mnara wa kwanza ulizinduliwa mwaka 1924, Wajerumani wakauondoa mwaka 1940, na uliopo sasa ulisimamishwa mwaka 2013.

Rudi mbele ya kanisa kuu alasiri, jua likiwa limeugeukia uso wake. Sanamu iitwayo Malaika Anayetabasamu iko kwenye lango la kushoto. Kichwa chake kilianguka katika moto ule wa 1914, na kikarudishwa mwaka 1926 baada ya vipande kuokotwa na kuunganishwa.

Ukibakiwa na saa moja, itumie katika jumba la makumbusho lililo nyuma ya kituo cha treni, ambamo Jenerali Alfred Jodl wa Ujerumani alitia saini hati ya majeshi ya nchi yake kusalimu amri tarehe 7 Mei 1945, saa 8:41 usiku. Ramani za vita bado zimebandikwa ukutani. Hufungwa Jumanne, hivyo usiichague siku hiyo. Anayetaka kuiona mizabibu yenyewe alale mjini, kisha kesho yake apande treni ya kwenda Épernay, safari ya takriban nusu saa, akae upande wa dirishani.