Chai ya mboji bila hewa ni kazi bure

Wale mnapanda sukuma kwa magunia hapa Nairobi, jaribuni chai ya mboji, yaani maji ya kuloweka mboji ili vijidudu vyake vizuri vizaliane, udongo utawashukuru, lakini hewa ndio kila kitu. Maji ya mfereji yako na klorini inayoua hao vijidudu, yaache kwa ndoo wazi usiku mzima kwanza, alafu kwa lita 20 weka kama kilo moja ya mboji imeiva kabisa ndani ya soksi safi, molasi kijiko kimoja tu, na ile pampu ndogo ya tangi la samaki ipige mapovu masaa 24 hadi 36, stima ikipotea koroga na mti kila saa. Ikiwa tayari mwagia mizizi jioni hiyo hiyo, hawa vijidudu bila hewa hawakai. Ikinuka uvundo usiweke kwa mboga kabisa, na majani ya kuliwa mbichi usinyunyizie.