Ukiona 502, soma logi kwanza

Wadau, kama umeweka Nginx (seva ya wavuti inayopokea maombi) mbele na programu yako ya Node (JavaScript ya upande wa seva) iko nyuma kwenye poti 3000, halafu ukifungua brauza unakutana na 502 (kosa la Bad Gateway, yaani Nginx haijapata jibu zuri kutoka nyuma), usianze kufumua kodi, nenda kwanza /var/log/nginx/error.log uangalie namba ya kosa iliyoandikwa pale. Ikiwa ni 111 (muunganisho umekataliwa) ujue programu haijawaka au inasikiliza poti nyingine, hiyo rahisi. Ila ikiwa ni 13 (hakuna ruhusa) na seva yako inatumia Linux ya Rocky au AlmaLinux, mara nyingi mchawi ni SELinux, ulinzi wa ndani ya Linux unaoamua programu gani iruhusiwe kufanya nini, inamkatalia Nginx kuongea na huko nyuma hata kama wewe mwenyewe ukiijaribu moja kwa moja ndani ya seva kwa amri ya curl 127.0.0.1:3000 inajibu freshi kabisa. Mi ilinikalisha mpaka saa nane usiku, narestati tu kama chizi. Kuna wanaoizima SELinux yote, aisee msifanye hivyo, dawa ni mstari mmoja:

sudo setsebool -P httpd_can_network_connect 1

Jina linasema httpd lakini Nginx nayo imo humohumo. Hiyo -P usiisahau, bila hiyo seva ikizimwa na kuwashwa tatizo linarudi palepale.