Kabla hujajaza gereji risasi, soma muswada

Saa nne usiku shemeji yangu alinipigia simu akihema. "Shemeji, wanapiga marufuku kununua risasi mtandaoni! Agiza sasa hivi!" Yeye alikwisha kuagiza maboksi ya .22, zile risasi ndogo, hata gari likakosa pa kulala. Kumbe muswada aliousikia haukuwa umepigiwa kura hata moja. Mimi si mwanasheria, hulenga shabaha Jumamosi tu, ila tangu usiku ule nina utaratibu wangu wa kusoma habari hizi za hapa Marekani.

Kwanza jiulize: ni muswada au ni sheria? Fungua congress.gov, tovuti ya Congress, yaani bunge la Marekani, andika jina la muswada. Ukiona umepelekwa kamatini na habari zimeishia hapo, pumua. Miswada mingi hufia humo, na kila baada ya miaka miwili Congress mpya huanza upya, usiopita ukaletwa tena kama mgeni.

Pili, achana na kichwa cha habari, usome vifungu. Hapa ndipo wengi tunapodanganyika. Chukua muswada wa mwaka 2012, ulioletwa na Seneta Frank Lautenberg na mbunge Carolyn McCarthy, ambaye mumewe aliuawa kwa risasi ndani ya treni ya Long Island mwaka 1993. Ulikuja siku chache baada ya mauaji ya ukumbi wa sinema Aurora, Colorado, ilipojulikana kuwa muuaji alinunua zaidi ya risasi 6,000 kwa intaneti. Ulitaka muuzaji awe na leseni, mnunuzi aonyeshe kitambulisho chenye picha, muuzaji aweke kumbukumbu, na aviarifu vyombo vya sheria mtu asiye na leseni akinunua zaidi ya risasi 1,000 ndani ya siku 5 za kazi mfululizo.

Sasa tafuta makali ya muswada huo yako wapi. Yako kwenye kitambulisho: ukilazimika kukionyesha uso kwa uso, kubofya ukaletewa mlangoni kumekwisha. Zile 1,000, ambazo ndizo zilizopigiwa kelele, hazikuwa kikomo. Soma kitenzi: "itakuwa kosa" ni katazo, "atatoa taarifa" ni taarifa tu. Hata hivyo kifungu hicho kinaniwasha. Pakiti kubwa ya .22 huwa na risasi 500. Ukichukua mbili na kiboksi kimoja cha 50, tayari jina lako limefika kwa vyombo vya sheria. Cha kitambulisho sina ugomvi nacho, ingawa shemeji hanielewi.

Ukiambiwa jambo hili halijawahi kuonekana, kumbuka kuwa sheria ya mwaka 1968 ilizuia kuagiza risasi kwa posta kutoka jimbo jingine, na ni mwaka 1986 ndipo zuio hilo lilipoondolewa.

Tatu, angalia jimbo lako, maana huenda unahangaika na Washington wakati mambo yako yameamuliwa karibu zaidi. California wapiga kura walipitisha masharti mwaka 2016: tangu 2018 risasi za mtandaoni zikabidi zipitie kwa muuzaji mwenye leseni, na tangu Julai 2019 mnunuzi akaanza kukaguliwa rekodi zake. Masharti hayo yamepingwa mahakamani, kwa hiyo tazama hali ilivyo siku unayonunua.

Ukishaelewa, mwandikie mbunge wako na maseneta wako wawili. Taja namba ya muswada (wa Baraza la Wawakilishi huanza na H.R., wa Seneti na S.), taja kifungu, sema unataka kibadilishwe nini. Aya mbili zatosha. Mimi niliandika kuhusu zile 1,000.

Shemeji hakuandika. Jumamosi alikuja uwanjani na begi zito akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama sihitaji .22.