Kribeji: 5 usimpe mwenzio

Wana Tanga mnaocheza kribeji, ule mchezo wa karata wa kuhesabu pointi, barazani, hasa nyie wa Ngamiani mnaopenda kutupa tu bila kuangalia, kabla hujatoa zile karata 2 kati ya 6 ulizogawiwa cheki kwanza nani kagawa, maana lile rundo la pembeni zinakoenda ni lake, pointi zake anahesabu yeye. Kama kagawa mwenzio basi 5 usimpe kabisa yani, karata zenye thamani ya 10 ziko 16 kwenye pakiti nzima na yoyote ikikutana na 5 inakuwa 15, pointi 2 za bure. Pea pia hapana, wala 7 na 8. Mpe zilizoachana, K na 9 hivi, K iko mwisho haipangiki kirahisi kwa mfululizo. Ukigawa wewe geuza, 5 ndo itupie huko, ila usivunje karata nzuri ulizoshika.