Kushusha na kuhifadhi kibao cha neoni cha duka la zamani, Lubumbashi

Kabla ya kuegemeza ngazi, piga picha: kibao kizima, kila herufi kwa karibu, na nyaya zinavyopita nyuma. Soma hata maandishi madogo ya chini. Yakitaja Élisabethville, kwa kawaida ni ya kabla ya 1966, jiji lilipobadilishwa jina. Yakitaja Zaïre, huwa ya kati ya 1971 na 1997. Waulize wazee wa avenyu duka lilikuwa la nani na liliuza nini, uandike siku hiyohiyo.

Sasa zima disjonkta (swichi kuu ya umeme), toa fyuzi, ukae nayo mfukoni. Transfo ya neoni hupokea volti 220 na kuzipandisha hadi maelfu, mara nyingi kati ya 2,000 na 15,000. Usiguse upande huo wa maelfu na multimeta (kipima umeme) ya kawaida, maana nyingi huishia volti 1,000. Hakikisha kwenye upande wa 220 kwamba umeme haupo.

Mirija ishushwe na watu wawili. Mmoja aushike mrija, mwingine afungue nyaya za elektrodi (vipande vya chuma kwenye ncha za mrija vinavyopitisha umeme) kwanza, ndipo afungue vifungo vya vishikizo. Mingi huvunjikia karibu na elektrodi kwa sababu mtu amevuta mrija waya ukiwa bado umefungwa. Ilaze juu ya sponji ya sentimita 5, usiipange mmoja juu ya mwingine. Mrija wa buluu kwa kawaida una gesi ya agoni na tone la zebaki: ukipasuka, fungua madirisha, okota vipande kwa karatasi ngumu na gundi ya utepe, utie ndani ya chupa yenye kifuniko. Ufagio hutawanya zebaki.

Osha kioo kwa brashi laini na maji yenye matone machache ya sabuni, lakini ziache elektrodi zikiwa kavu. Rangi nyeusi iliyopakwa kati ya herufi na herufi si uchafu! Huficha sehemu ya mrija isiyotakiwa kuonekana. Ukiikwangua, neno halisomeki tena usiku.

Ncha zilizoingia weusi zinaonyesha elektrodi imechoka. Mrija ulioingiza hewa hauponi kwa kuongezewa transfo kubwa. Unahitaji fundi mwenye pampu ya vakyumu, yaani ya kunyonya hewa. Asipopatikana, uhifadhi ukiwa umezimika.

Bati lisipakwe rangi mpya hata kidogo. Mara nyingi chini ya jina la mwisho kuna kivuli cha jina la duka la awali, na hicho ndicho kinachopotea haraka kuliko taa. Toa kutu inayobanduka kwa brashi laini, kausha, paka nta nyembamba. Yote haya yamalizike kabla ya mvua za Novemba.