Kubana mafuta kwa anayeendesha gari kazini: anza na daftari, kisha simu, ndipo uje kwenye mguu

Dereva mwenzangu, anayesambaza mizigo kwa gari dogo la petroli, aliniomba nikae naye kwa siku tatu kwa sababu mafuta aliyopangiwa kwa wiki yalikuwa yakimwishia siku moja kabla ya wakati, na mafundi wawili walikuwa wamekwisha kulikagua gari bila kuona kasoro. Siku ya kwanza niliitazama barabara kama yeye. Siku ya pili niliutazama mguu wake wa kulia. Kila simu iliyobandikwa kwenye dashibodi ilipowaka, mguu ulilegea kidogo. Sekunde mbili tatu baadaye, alipoona gari la mbele limemwacha, alikanyaga mafuta kwa nguvu, mshale wa raundi za injini ukapanda, na punde akawa amelikaribia mno gari lile hadi akalazimika kushika breki. Nilihesabu mara kumi na moja kabla hatujashusha mzigo wa kwanza. Mafundi hawakukosea: gari lilikuwa zima, na mafuta yalikuwa yakipotea kupitia simu.

Hatua zilizo hapa chini ndizo tulizozifuata pamoja. Ninawaandikia wanaoendesha kama sehemu ya kazi na ambao ofisi, wateja na jamaa huwatafuta wakiwa barabarani. Ninachukulia kwamba gari lako linafanyiwa matengenezo kwa wakati na kwamba mfumo wake wa mafuta unaongozwa na kompyuta, kama ilivyo kwa magari mengi ya siku hizi.

Hatua ya 1: Pima ulaji wa mafuta kwa tangi lililojaa

Hatua hii ndiyo iliyonipotezea muda mrefu kuliko nyingine zote, kwa hiyo naomba uvumilivu wako. Kwa karibu mwezi mzima niliamini kwamba nimepata njia mpya ya kubana mafuta, kumbe nilikuwa napima vibaya.

Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, na umwombe anayekuhudumia asiongeze hata kidogo baada ya hapo. Rudisha mita ya safari kwenye sifuri. Endesha kama kawaida mpaka tangi lishuke chini ya nusu, kisha rudi kujaza mpaka pampu ijikate tena mara ya kwanza. Andika lita zilizoingia na kilomita ulizotembea. Tuseme umetembea kilomita 412 na zimeingia lita 33.8: gawanya lita kwa kilomita, zidisha kwa 100, na utapata lita 8.2 kwa kila kilomita 100.

Kosa langu lilikuwa kwenye pampu kujikata. Siku nyingine mhudumu alisimama ilipojikata, na siku nyingine aliongeza kidogo ili hesabu ya pesa isiwe na vichele. Lita moja na nusu ya nyongeza katika lita 30 ni asilimia 5, na asilimia 5 ndicho kiasi nilichokuwa nadai kwamba nimeokoa. Mteremko nao hudanganya, kwa sababu gari lililoinama upande mmoja hujaza tangi tofauti na lililosimama sawa. Tangu nilipolielewa hilo najaza kwenye kituo kilekile, pampu ileile, gari likiwa limeelekea upande uleule, na inapowezekana asubuhi, maana petroli hutanuka kwa joto na saa tofauti za siku huongeza tofauti ndogo ambazo huzihitaji.

Usiamini tangi moja. Jumlisha lita za matangi matatu au manne, jumlisha na kilomita zake, ndipo ugawanye. Hapa wengi huteleza, hasa wanaohesabu kwa kilomita kwa lita. Ukienda kilomita 100 kwa kiwango cha 10 kwa lita, na kilomita 100 nyingine kwa kiwango cha 15, wastani wako si 12.5. Umetumia lita 10 kwanza, kisha lita 6.67, jumla lita 16.67 kwa kilomita 200, nao ni wastani wa kilomita 12 kwa lita. Kwa sababu hiyo ninapendelea kabisa hesabu ya lita kwa kilomita 100: ukitembea umbali uleule, wastani wake haukuchezei.

Ikiwa tairi zako si za ukubwa uliopendekezwa na mtengenezaji, mita ya kilomita itasoma pungufu au zaidi, lakini almradi hujabadilisha tairi katikati ya kupima, bado unaweza kulinganisha wiki na wiki. Nambari inayoonyeshwa na kompyuta ya dashibodi ni makadirio. Itumie kuona mwelekeo wa mabadiliko ndani ya safari moja, ila isichukue nafasi ya risiti ya pampu.

Kuhusu mahali pa kuandika, nina msimamo: tumia daftari la karatasi lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, likae mlangoni mwa dereva. Programu za simu za kazi hii ni nzuri na zinahesabu zenyewe, lakini zinakutaka ufungue simu, na ukishaifungua simu kituoni utakuta ujumbe sita unaosubiri majibu. Safu nne zinatosha: tarehe, kilomita, lita, na neno moja kuhusu wiki hiyo, kama vile mvua, mzigo mzito au foleni. Bila safu hiyo ya nne hutajua kwa nini nambari ilipanda.

Hatua ya 2: Upepo na uzito

Pima upepo wa tairi asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Nambari iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kiwango cha juu ambacho tairi inaweza kuhimili, kwa hiyo usijazie kwa hiyo. Ondoa usichokihitaji kwenye buti, na ushushe keria ya juu ya paa ikiwa haina kazi wiki hiyo.

Hatua ya 3: Maliza mambo ya simu kabla ya kuwasha injini

Nimeitanguliza hatua hii mbele ya mbinu zote za mguu kwa makusudi. Mtu anaweza kuzijua mbinu zote za kubana mafuta na asiweze kutumia hata moja, kwa sababu zote zinataka macho yaliyo mbali barabarani na akili iliyo pamoja nayo.

Anza na ofisi. Mwenzangu alikuwa akipigiwa na mpangaji wa safari kila baada ya dakika chache aulizwe amefika wapi. Tulikwenda kumwona mpangaji huyo, na kwa heshima tukakubaliana mambo mawili: dereva atatuma ujumbe mfupi kila anapofika na kila anapoondoka, na mpangaji hatapiga katikati isipokuwa kwa dharura, ambayo ishara yake ni kupiga mara mbili mfululizo. Simu ikiita mara mbili, dereva anatafuta mahali salama, anaegesha, ndipo anapiga. Mazungumzo hayo yalichukua robo saa, na simu za barabarani zikapungua siku ileile. Usijaribu kulitatua hili peke yako kwa kutopokea simu, maana bosi asiyejua kwa nini hupokei atapiga zaidi.

Kisha simu yenyewe. Iweke kwenye hali ya kutosumbua, ukiiruhusu iite tu kwa anayepiga mara mbili mfululizo, uweke ramani ya safari na usikilize maelekezo kwa sauti, halafu iingize kwenye mfuko ulio kiti cha nyuma. Kuifunika kwa kioo chini hakutoshi, kwa sababu mtikisiko unasikika na mkono utaifuata. Kama kazi yako inakulazimu kuiona ramani, ibandike simu karibu na usawa wa macho na uzime arifa zote nyingine.

Nakuomba usitafute nafuu kwenye vifaa vya kuongea bila kushika simu. David Strayer wa Chuo Kikuu cha Utah na wenzake wamefanya majaribio kwa miaka mingi kwenye mitambo ya kuigiza uendeshaji, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2006 hawakuona kwamba kuiacha mikono huru kunamrudishia dereva umakini wake. Kinachochukuliwa ni akili. Abiria aliye kando yako anaiona njia panda unayoikaribia na hunyamaza; aliye upande wa pili wa simu haioni. Mwaka 2015 utafiti mwingine wa Strayer, uliofadhiliwa na taasisi ya usalama barabarani ya AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, ulionyesha kwamba usumbufu wa kuiamuru simu au gari kwa sauti unaweza kubaki kichwani hadi sekunde 27 baada ya dereva kumaliza. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde 27 ni mita 600. Kwa mita 600 unaendesha ukiwa umechelewa kuona, na dereva anayechelewa kuona ndiye anayeshika breki sana.

Unaposhusha mzigo, tenga dakika tano za kujibu kila kitu kwa mkupuo. Kabla ya kuondoka, andika kwenye karatasi jambo lililobaki bila kuisha na utakapoliendeleza: "Mteja wa pili anataka kubadilisha saa, nitampigia nikifika kituo cha tatu." Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alieleza kwamba mtu anapohama kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya umakini wake hubaki kwenye ile ya kwanza, hasa asipoikamilisha. Nimeliona hili kwa macho yangu: mwenzangu alipoondoka na ugomvi wa malipo ambao haujaisha, alipita njia aliyopaswa kukata kushoto, ingawa simu ilikuwa mfukoni.

Hatua ya 4: Endesha kwa macho, mguu utafuata

Tazama pale utakapofika baada ya sekunde 12 hivi. Kwa kilomita 50 kwa saa hapo ni karibu mita 170 mbele, yaani magari kadhaa kupita lile unalolifuata. Ukiona taa za breki zinawaka huko, au taa ya njia panda imekuwa nyekundu, achia mafuta mara moja na uache gari litembee likiwa ndani ya gia.

Maneno "ndani ya gia" yana uzito. Madereva wengi wa zamani hutoa gia kwenye mteremko wakiamini wanaokoa mafuta. Kwenye injini za zamani za kabureta, zisizoongozwa na kompyuta, imani hiyo ilikuwa na msingi. Kwenye injini zinazoongozwa na kompyuta, ukiachia mafuta huku gari likiwa kwenye gia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta hukata mafuta kabisa mpaka raundi zishuke karibu na za injini isiyo na kazi. Ukitoa gia, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizimike, na wewe unapoteza msaada wa injini katika kulizuia gari. Kwa hiyo unapoteza mafuta na usalama kwa pamoja.

Ili uone thamani ya kuepuka kusimama, chukua gari la kilo 1,200 lililotoka kusimama hadi kilomita 50 kwa saa. Ikiwa injini inageuza robo tu ya nguvu ya petroli kuwa mwendo, ambalo ni kadirio la haki, kulifikisha gari hapo kunatumia takriban mililita 15, kijiko kimoja cha mezani. Ukisimama pasipo lazima mara mia kwa wiki, umemwaga lita moja na nusu kwenye breki, ikageuka joto. Ukilegeza mguu mapema na kufika kwenye taa inapogeuka kijani, sehemu kubwa ya kijiko hicho inabaki kwako.

Acha nafasi ya sekunde tatu kati yako na gari la mbele. Wengine watakuingilia, legeza tena kidogo na uendelee.

Hatua ya 5: Gia na mwendo

Panda gia mapema injini ikiwa haijalalamika, na ushikilie mwendo mmoja. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, hewa inakusukuma nyuma kwa zaidi ya mara moja na nusu.

Hatua ya 6: Unaposubiri

Injini ndogo ikinguruma bila kutembea hula takriban nusu lita hadi lita moja kwa saa, na zaidi kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Ukiegesha, zima. Usizime gari likiwa bado linatembea kwa hali yoyote, kwa sababu usukani na breki vitakuwa vizito ghafla.

Hatua ya 7: Lisome daftari, ubadilishe jambo moja kwa wakati

Baada ya matangi manne ya mwanzo, badilisha jambo moja tu na uliendeleze kwa matangi matatu. Ukianza kwa pamoja upepo mpya, simu mfukoni na mwendo wa taratibu, utafurahi bila kujua ni kipi kilichokusaidia. Kwa mwenzangu tulianza na simu peke yake. Tangi la kwanza halikuonyesha chochote, kwa kuwa wiki hiyo mvua ilinyesha na safu ya nne ikatueleza hivyo. Kwenye la pili ulaji ulishuka, na tangu wiki ya nne mafuta yanamfikisha siku ya mwisho ya kazi.

Ulaji ukipanda ghafla ilhali tabia zako hazijabadilika, fanya hivi mwisho wa safari ambayo hukushika breki sana: pitisha kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Ile inayotoa joto kuliko wenzake ina breki inayong'ang'ania gurudumu. Mimi niliiona ya nyuma kushoto kwa njia hiyo, wiki mbili baada ya daftari kuanza kunionya.